Kitenzi cha Kihispania kilichotaka kuninyima kipaimara

Wajukuu zangu mnaosoma humu, na nyie mnaoitana wakuu hata kama mtu hajaota ndevu, habari zenu.

Shikamoo zenu nimezipokea. Marahaba. Aliyenizidi umri kama yupo humu ajitokeze nimwamkie, lakini sidhani.

Simu hii ni ya mjukuu wangu Neema. Vidole ni vyangu. Yeye kazi yake ni kunisahihishia maneno ya Kihispania tu, mengine nimemkataza asiguse. Ninayoyaandika yalinipata mimi mwenyewe, na wengi waliokuwepo wameshazikwa, kwa hiyo sina wa kumpendeza wala wa kumwogopa.

Kilichonileta humu ni hasira.

Neema anajifunza Kihispania ili aongoze watalii. Juzi alinisomea uzi wa vijana wenzake, wanalalamika kwamba vitenzi vya Kihispania vinawatesa. Vile vinavyofuata utaratibu wanaviweza. Vile visivyofuata wanavitukana. Mmoja kaandika kwamba yeye siku hizi anakisia tu, "mtalii ataelewa".

Mtalii ataelewa.

Haya. Kaeni chini.

Nilizaliwa upande wa mlimani, juu ya Usa River, enzi za Mwingereza. Shule yangu ni madarasa mawili ya kanisa: kusoma, kuandika, na nyimbo. Nyumbani tulisema Kimeru. Kiswahili nilikikuta barabarani, kama watu wengi wa kwetu.

Nilipofika umri wa kipaimara nilipata kazi kwenye nyumba ya shamba moja la kahawa kule chini. Bwana wa shamba alikuwa Mwingereza, mtu wa maneno machache. Mke wake alikuwa Mhispania. Walikutana wapi sijui, haikuwa kazi yangu kujua. Alitaka aitwe Doña. Sisi tukasema Donya, na ndivyo nitakavyomwita hapa.

Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Inés, wa miaka kama sita. Kazi yangu ilikuwa huyo mtoto. Kumwogesha, kumlisha, kumzuia asiingie mferejini.

Donya aliogopa mtoto wake atakua hajui lugha ya bibi yake aliyeko kwao. Kwa hiyo kila asubuhi baada ya chai anamkalisha barazani anamkaririsha. Mimi nimekaa chini pembeni, nashona vifungo. Mtoto anaangalia vipepeo. Anayesikia ni mimi.

Hablo, hablas, habla. Ninasema, unasema, anasema. (Hiyo H inaandikwa tu, haitamkwi.)

Como, comes, come. Ninakula, unakula, anakula.

Siku ya tatu nikaona kitu, na hakuna aliyenionyesha.

Sisi mtu tunamweka mbele ya neno. NI-nasema. U-nasema. A-nasema. Wao mtu wanamweka nyuma, mkiani. Habl-O. Habl-AS. Habl-A. Ni nyumba ile ile, ila kwetu mwenyewe anatokea mlango wa mbele, kwao anatokea mlango wa nyuma.

Kiingereza cha bwana hakikuwa hivyo. Kule mtu anasimama nje ya neno, peke yake, kama hawajuani. Nikasema moyoni, hawa Wahispania kwa kusema ni ndugu zetu kidogo.

Msicheke. Nilikuwa binti wa mchuma kahawa na nilikuwa nimefumbua jambo kwa akili yangu mwenyewe. Utamu wake naujua mpaka leo.

Nikawa nayasema nikichota maji. Mtoto akikwama barazani, namnong'oneza. Siku moja Donya akanisikia. Nikadhani nitafukuzwa. Badala yake akaanza kuniuliza na mimi, zamu ya mtoto, zamu yangu.

Hapo ndipo kiburi kilipoingia. Kiandikeni mahali, kiburi, maana ndicho kilichonifikisha nilipofika.

Sasa, Donya naye alikuwa anajifunza Kiswahili, na alikuwa mtu wa utaratibu. Alishagundua kwamba kusoma inatoa "soma!", kulima inatoa "lima!", kufunga inatoa "funga!". Toa ku, amrisha. Akafurahi, akaamua lugha yetu ni nyepesi.

Kwa hiyo akinihitaji ananiita, "Elieshi, ja!"

Mimi nimesimama tu.

"Ja! Ja!"

Mpishi Saidi alikuwa anatoka nje kwenda kucheka. Saidi alikuwa mtu wa mjini Arusha, Mwislamu, wazazi wake walitokea pwani, na Kiswahili kilikuwa chake cha kuzaliwa, si cha kuazima kama chetu. Ndiye aliyemwambia, "Mama, hatusemi ja. Tunasema njoo."

"Kwa nini njoo? Wapi kuja?"

"Njoo tu, mama. Imekuja hivyo hivyo."

Lakini ile ya kula ndiyo ilikuwa kubwa. Inés amegoma kula. Donya anamwamrisha kwa utaratibu wake: "Inés, la! La!" Saidi kasimama nyuma, na kwa Saidi la ni hapana. Anasikia mama anakataza chakula. Anaondoa sahani. Donya anapiga kelele zaidi, "La! La!" Saidi anaondoa na mkate.

Siku hiyo mtoto alishinda na njaa mpaka saa nane mchana, na kila mtu ndani ya nyumba alidhani ametii.

Donya akaniuliza mimi kwa nini kula haikubali kukatwa. Sikuwa na jibu la shule. Nililala nalo, kesho yake nikamjibu hivi: neno likiwa fupi mno haliwezi kusimama peke yake. La, ja, fa, linaanguka. Kwa hiyo linang'ang'ania ile ku, kama mtoto mdogo anavyoshika kanga ya mama yake. Ninakula, nimekula, nitakula. Likipata kitu kingine cha kushika ndipo linaachia: nikila, asile. Ama hiyo njoo, na nenda, na lete, hao ni watoto watukutu tu, usiwaulize sababu.

Donya akayaandika kwenye daftari lake. Maneno yangu mimi, kwenye daftari la mzungu. Mnaona kiburi kinavyolishwa.

Akaniambia hata kwao watukutu wapo. Kwenda ni ir. Lakini ninakwenda ni voy. Na nilikwenda ni fui. Ulikwenda, fuiste. Alikwenda, fue.

Nikamwambia, "Donya, hawa si watoto wa ir. Wameokotwa."

Alicheka mpaka akafuta machozi.

Fui niliipenda kuliko yote. Inatoka kama mtu anapuliza moto: fwi. Niliisema jikoni, niliisema njiani. Mama yangu akiniuliza kwa Kimeru nilikuwa wapi, namjibu fui. Alichoka na mimi.

Donya alisema kuna mtukutu mwingine mkubwa, ile ya kuwa, tutaifikia tukimaliza hii.

Hatukuifikia.

Sasa lililotokea.

Ulikuwa msimu wa kuchuma. Kwa wasiojua: kahawa mbivu ikishamenywa ganda inalala tangini siku mbili, ule utelezi uachie, ndipo inaoshwa na kuanikwa. Chini ya tangi kuna tundu limezibwa kwa ubao. Ubao ukiinuka, kila kitu kinatoka na maji.

Mkubwa wa matangi alikuwa Mzee Anaeli, mnyapara. Huyo huyo alikuwa mzee wa kanisa letu, ndiye aliyetusikiliza katekisimu sisi watoto wa kipaimara. Kipaimara chetu kilikuwa kimebakiza Jumapili tatu.

Alasiri moja Donya akanituma matangini: mwambie Mzee Anaeli kesho asubuhi bwana anamtaka. Nikaenda. Sikukuta mtu, wote walikuwa kule wanakopimia kahawa. Niliita mara mbili, nikarudi. Donya alikuwa amelala, kichwa kinamuuma. Sikumwamsha. Nikaenda zangu nyumbani.

Asubuhi nilifika kazini kwa njia ya juu, kwa hiyo sikupita matangini. Sikujua lolote. Niliingia jikoni, nikashika kikombe cha maziwa cha Inés.

Donya akaingia, uso umemwiva.

Mtu akikasirika anarudi kwenye lugha aliyonyonya. Donya alisahau Kiswahili chote siku hiyo. Alitutazama mimi na Saidi, akauliza:

"¿Quién fue?"

Quién naijua: nani. Fue ndiyo kabisa, naijua kuliko jina langu: alikwenda. Nani alikwenda. Nikajua anauliza habari ya jana, nani alikwenda kupeleka ujumbe, labda Mzee Anaeli hajatokea na bwana anamngoja. Na huyu hapa Saidi, aliyekuwa ananiita mzungu wa mlimani kila siku, yupo anasikiliza.

Nikasimama wima. "Yo fui."

Mimi nilikwenda.

Donya akanitazama. "¿Tú?"

"Sí, Donya. Yo fui."

Akaniuliza tena, polepole, kama haamini. Nikamjibu mara ya tatu kwa sauti ya darasani. Na nilitabasamu, wajukuu. Hapo ndipo nilipojimaliza. Nilitabasamu.

Bwana alikuwa mlangoni. Akaniuliza kwa kile Kiswahili chao cha shambani, "Wewe nasema kweli?"

"Kweli kabisa, bwana."

Bwana akageuka akaondoka. Donya akaninyang'anya kikombe, maziwa yakamwagika. Naye akatoka.

Saidi akabaki ananikodolea macho. "Binti, umewajibu nini hawa?"

"Nimesema nilikwenda."

"Ulikwenda wapi?"

"Matangini, jana. Si ndiko nilikotumwa?"

Saidi akashika kichwa. Ndipo akanieleza. Ubao wa tangi umefunguka, kahawa ya siku mbili imekwenda na maji mpaka mtoni, na bwana anamtafuta aliyeuinua.

"Sasa wewe umewaambia ulikwenda, mbona wamekasirika kama umesema uliua? Hicho kizungu chako kimekukaba leo."

Nilimkimbilia Donya. Nikamwambia kwa Kiswahili, sikuinua ubao, sikuugusa. Akanijibu, "Wewe mwenyewe nasema. Mara tatu. Na kucheka!" Akafunga mlango.

Nikaondoka nikiamini Donya ni mwongo, kwa sababu mimi sikusema nimefanya. Yeye akabaki akiamini mimi ni mwongo, kwa sababu alinisikia. Tulikuwa tumesema kweli wote wawili.

Nyumbani habari ilitangulia. Kahawa ile ilichumwa na wanawake wa kwetu, siku mbili mgongo umepinda, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Walinipita njiani kama wamepita jiwe.

Jioni hiyo Mzee Anaeli akaja. Mama akamletea maziwa, akayakataa. Mzee akikataa maziwa kwako, jua hajaja kusalimia.

"Elieshi," akasema, "umeharibu jasho la watu. Ukakubali. Halafu ukakana. Petro alikana mara tatu. Wewe umekubali mara tatu ndipo ukakana, umemshinda Petro."

"Mzee, sikufanya."

"Utaungama mbele ya usharika. Ukiungama, utasimama na wenzako. Usipoungama, wenzako watasimama na wewe utabaki kwenye benchi."

Nyie siku hizi kipaimara ni keki na picha. Kwetu, binti asiyepata kipaimara hakuhesabiwa mtu mzima. Haendi mezani pa Bwana. Ndoa yake haifungwi kanisani. Wenzake wakiitwa kwenye shughuli, yeye anawekwa kundi la watoto. Gauni langu jeupe lilikuwa limeshashonwa. Mama alilikunja akalirudisha sandukuni.

Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili. Niseme uongo mbele ya madhabahu, nipate kipaimara cha uongo. Au niseme kweli, nikose.

Wiki ya kwanza ikapita. Mama alikuwa hasemi nami ila la lazima. Siku moja tunamenya ndizi akaniuliza, hakuniangalia:

"Ulisema ulifanya?"

"Sikusema, mama."

"Saidi alikuwepo. Anasema ulijibu mara tatu na yule mama akakasirika."

"Saidi hakijui kile Kihispania."

Mama akaweka kisu chini. "Na wewe? Unakijua?"

Nilitaka kujibu nakijua. Nikachukua ndizi nyingine. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza swali hilo.

Kesho yake nilichukua jembe nikaenda kupalilia migombani. Nikawa nayarudia maneno yote ya Donya, moja moja, si yale ya kukaririshwa tu, hata aliyokuwa anayasema ovyo ovyo ndani ya nyumba. Natafuta wapi nimejikwaa.

Sebuleni kwa Donya kulikuwa na picha ya baba yake, mzee wa ndevu nyeupe. Kila akiifuta vumbi alikuwa anasema, "Mi padre fue maestro." Maestro ni mwalimu. Mimi nilikuwa naielewa hivi: baba yangu alikwenda kwa mwalimu. Na nilikuwa namhurumia yule mzee. Ndevu zote zile, bado anakwenda shule!

Nikasimama na jembe langu.

Mzee wa ndevu zile aende kwa mwalimu kufanya nini?

Hakwenda kwa mwalimu. ALIKUWA mwalimu.

Wajukuu, sikilizeni. Fue ni alikwenda. Fue ni alikuwa. Watoto wawili wa mama wawili, ir na ile ya kuwa, wamevaa nguo moja, huwezi kuwatofautisha. Mimi nilimjua mmoja tu.

Quién fue. Alikuwa nani. Yaani, ni nani aliyefanya.

Yo fui. Nilikuwa mimi. Ni mimi niliyefanya.

Kwa tabasamu. Mara tatu.

Jembe niliacha hapo hapo. Nilishuka mpaka shambani na matope miguuni. Sikupita jikoni. Nilipanda barazani kwa ngazi za mbele, ambako sisi hatukuwa tunapita. Donya alikuwa na Inés na daftari. Aliponiona akasimama.

Sikuamkia. Hilo ni kosa, lakini ningeamkia ningelia.

"Donya, baba yako wa kwenye picha, fue maestro. Alikwenda, au alikuwa?"

Akashangaa. "Kuwa. Yeye kuwa mwalimu."

"Na mimi, yo fui. Nilikuwa, au nilikwenda?"

Nikaona macho yake yanatembea kama mtu anayehesabu.

Inés ndiye aliyejibu, anachezea penseli, kwa Kihispania, kwamba Elieshi alikwenda matangini. "Mama, si wewe uliyemtuma?"

Donya akakaa chini kwenye ngazi, na gauni lake zuri.

Alikuwa amesahau. Kichwa kilimuuma siku ile, alinituma akalala, na asubuhi hasira ilifuta yote. Akaniambia ningetaja mahali tu, ningesema fui kule matangini, angeelewa papo hapo. Neno moja la mahali. Mimi niliona kulijibu swali kwa ufupi ndiyo ufundi.

Hakungoja bwana arudi. Alinishika mkono, akamwita Saidi, tukashuka matangini wote watatu, nami nikimweleza Saidi njiani. Mzee Anaeli alikuwa anaosha kahawa na watu wake, mama yangu akiwa pale pale kwenye chanja cha kuanikia kahawa. Donya akasimama mbele yao, na kwa sababu alitaka kusema vizuri, aliunda vitenzi vyake kwa uangalifu wote:

"Elieshi hakuwa. Elieshi alienda."

Watu wakatazamana.

"Hakuwa nini, mama?" akauliza Mzee Anaeli.

"Hakuwa! Alienda!"

Mwanamke mmoja akasema chini chini, "Jamani, anasema mtoto amekufa?"

"Si huyo hapo amesimama."

Ikabidi Saidi aingie kati, bado ana unga mikononi. "Mzee, lugha ya mama ina neno moja la kazi mbili. Binti aliulizwa nani aliyefanya. Yeye akasikia nani aliyekwenda. Akasema ni yeye aliyekwenda, na kweli alikwenda, mama ndiye aliyemtuma kwako, hakukukuta. Wao wakasikia ni yeye aliyefanya. Hakuna aliyesema uongo hapa. Neno ndilo lenye sura mbili."

Mzee Anaeli aliweka koleo lake chini. Akatembea mpaka kwenye majani nyuma ya tangi, ambako walitupa ubao wa zamani walipoweka mpya. Akauinua, akaugeuza. Upande wa chini ulikuwa umeoza. Aliuminya kwa kidole gumba, ukamomonyoka kama mkate.

"Nilimwambia bwana kabla ya msimu," akasema. "Ubao huu hautafika mwisho wa kahawa."

Mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akimpandishia sauti mzee wa kanisa kabla ya siku hiyo wala baada yake, akasema kutoka kule kwenye chanja: "Na siku ile hukusema kwa nini?"

"Nilikuwa nakuja kusema. Nikakuta mtoto amekwisha kukubali." Aliuangalia ule ubao. "Mtu akikubali, nani tena anakwenda kutazama ubao?"

Nimeishi miaka mingi. Sijasahau sentensi hiyo. Hakuwa mtu mbaya, Mzee Anaeli. Alikuwa na ushahidi umelala majanini, hatua kumi kutoka alipokuwa anafanya kazi kila siku, na hakuutazama, kwa sababu neno langu moja lilimtosha. Lilimtosha bwana pia. Nadhani bwana lilimfaa zaidi.

Jumapili iliyofuata Mzee Anaeli alisimama mwenyewe kanisani, kabla ya matangazo, akasema kwamba mtoto wa watu alisingiziwa na yeye akiwa mmoja wa waliomsingizia. Hakueleza mambo ya Kihispania, yangewashinda. Alikaa chini. Jumapili ya kipaimara ilipofika, gauni likatoka sandukuni, nikasimama na wenzangu.

Bwana hakuniambia kitu. Aliagiza mbao mpya kwa matangi yote, basi.

Donya alikuja nyumbani kwetu kwa miguu kesho yake baada ya Mzee Anaeli kusimama kanisani, mchana, akifuata njia ya mfereji, viatu mkononi. Alikaa kwenye kigoda cha mama. Alipewa loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, akala yote. Halafu akanitazama akasema neno moja, na naona alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima:

"Nilikukosea."

Ukiacha ile siku ya matangini, tangu nimjue alikuwa hajawahi kusema kitenzi chetu kizima bila kukivunja. Kila kitu kilikuwa mimi taka, wewe leta. Siku hiyo alikisema chote. NI, yeye. LI, wakati umepita. KU, mimi. Kosea. Ametuweka wote wawili ndani ya neno moja, na kosa mkiani, na kila mtu yuko mahali pake. Hata Kihispania chake hakiwezi kufunga hivyo vizuri, nilimwuliza baadaye, akakubali.

Nilirudi kazini kwa sharti. Nikamwambia, "Donya, ukikasirika niulize kwa Kiswahili."

Naye akasema, "Na wewe ukijivuna, jibu kwa Kiswahili."

Tulimaliza vitenzi vyote kabla hawajaondoka nchini. Vya utaratibu na vitukutu. Ile ya kuwa tulianza nayo siku hiyo hiyo niliyorudi, na fui, fuiste, fue nilizisema nikiwa nimeshika magoti kwa adabu.

Kwa hiyo, wewe kijana uliyeandika kwamba unakisia tu na mtalii ataelewa. Mtalii ataelewa, ndiyo. Swali ni ataelewa nini.

Vitenzi vinavyofuata utaratibu havina shida, hivyo hata mtoto anayeangalia vipepeo atavijua. Vile vitukutu ndivyo vya kukaa navyo. Na si kwa sababu ni vigumu. Ni kwa sababu watu wanavitumia zaidi ya vyote: kuwa, kwenda, kuja, kula. Vimechakaa kwa kutumika, ndiyo maana vimepoteza umbo. Hivyo ndivyo utakavyoulizwa navyo siku ya shida, hakuna atakayekuuliza kwa kitenzi cha daftarini.

Usijivunie lugha ambayo hujaona upande wake wa pili. Mimi nilijua nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyosema dhidi yangu. Ningekuwa sijui kabisa, Donya angelazimika kuuliza kwa Kiswahili, na ningekuwa salama.

Na wewe unayeuliza, mwenye nyumba, bosi, mwalimu, mzazi: jibu la haraka lisikupe usingizi.

Mwenye lililomkuta la namna hii, lugha yoyote, aandike hapa chini, nitasomewa na nitajibu. Anayetaka kunicheka kwa lile tabasamu, acheke, nimeshalicheka sana mwenyewe. Matusi sitaki, Neema ameniambia kuna sehemu ya kubonyeza mtu aondolewe.

Neema anauliza niongeze nini. Naongeza hili tu. Nilipoolewa na nyumba yangu ikajaa watu, wangu wa kuzaa, wa kulea, na wasichana wa kazi waliotoka Mbulu na Singida na Kiswahili bado kinawapa taabu, niliwakusanya wote sebuleni nikatoa agizo, na halijabadilika mpaka leo:

Kikiharibika kitu humu ndani, anayeulizwa aulizwe kwa lugha aliyolelewa nayo. Kama hamuijui, nendeni mkamtafute anayeijua, hata kama ni mpaka Kimandolu kule Arusha mjini. Akijibu neno moja msiondoke, mngojeni amalize. Na mpaka huyo wa kumsikiliza afike, mtu huyo anakula na sisi.